Pepo Hachagui Mto

Katika vijiji vingi vya Ituri, na hata katika mitaa ya Bunia yenyewe, mtu anayeanguka kifafa hupewa maelezo kabla hajapewa dawa. Amerogwa na jirani mwenye wivu. Ameingiwa na pepo. Au kuna mwiko ambao ukoo wake uliuvunja, na sasa mtoto analipa. Familia huanza kwa mganga wa kienyeji, huendelea kwenye chumba cha maombi, na wengine hufika kituo cha afya mbuzi wameshauzwa na akiba imekwisha. Tumezoea kuliona hili kuwa jambo la elimu ya afya, tukawaachia wauguzi. Mimi naliona kuwa kwanza ni jambo la dini. Anayesema kwamba pepo ndiye anayemtikisa mtoto ametamka neno juu ya roho, asili yake na mipaka ya uwezo wake. Na anayemjibu kwamba huo ni ubongo tu, naye ametamka neno juu ya roho, hata kama hakukusudia. Ndiyo maana swali haliishii zahanati. Tukishakubali kwamba ubongo unaeleza yale tuliyodhani ni kazi ya roho, roho inabaki na nini? Hoja yangu ni kwamba ushahidi kuhusu kifafa unatulazimu kumwondoa pepo katika jambo hili, na kwamba imani haipotezi chochote kilicho chake akiondoka. Kinachoondoka naye ni lawama, na lawama hiyo haikustahili kuwemo tangu mwanzo.

Tuanze na kiungo chenyewe. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.3 hadi 1.4 hivi, lakini hutumia karibu sehemu moja ya tano ya nguvu yote ya mwili. Ndani yake mna seli za neva zinazokadiriwa kufikia bilioni 86. Kila seli husukuma sodiamu nje na kubakiza potasiamu ndani, na tofauti hiyo huipa chaji ndogo ya umeme. Ikisisimuliwa vya kutosha, milango midogo kwenye utando wake hufunguka, sodiamu huingia kwa kasi, na wimbi la umeme hukimbia hadi ncha ya uzi wake. Hapo ujumbe hupokewa na kemikali: glutamati huichochea seli inayofuata, na kemikali iitwayo GABA huituliza. Kukunja kidole, kukumbuka jina la babu, kutunga sala, vyote hutegemea uwiano kati ya kuchochea na kutuliza. Ubongo wenye afya uko kama soko kuu la Bunia saa nne asubuhi: maelfu ya mazungumzo kwa wakati mmoja, kila mtu na bei yake, na biashara inakwenda kwa sababu hawasemi wote neno lilelile kwa pamoja. Kifafa hutokea pale seli nyingi zinapopaza sauti moja kwa mpigo. Mwili hukakamaa, kisha hutikisika, kwa sababu seli zinazoamrisha misuli zinafyatuka pamoja. Povu hutoka kwa kuwa mate hayamezwi, na huwa jekundu mgonjwa akiuma ulimi. Fahamu hukatika, ndiyo maana akiamka haelewi kwa nini watu wamemzunguka. Daktari Mjerumani Hans Berger alichapisha mwaka 1929 michoro ya kwanza ya umeme wa ubongo wa binadamu, na tangu hapo msukosuko huu unaweza kuonekana kwenye karatasi. Fenobabitali, ambayo wagonjwa wengi kwetu wanaijua kwa jina la gardenali, inatumika dhidi ya kifafa tangu mwaka 1912. Kazi yake ni kuipa nguvu ile GABA inayotuliza.

Hapo mwamini anaweza kusema: hayo ni maelezo ya namna mtoto anavyotikisika, lakini hayasemi nani aliyeanzisha. Ni pingamizi la haki. Kulijibu, inabidi tutoke kichwani mwa mgonjwa mmoja na kutazama ramani. Kifafa kina vyanzo vingi: malaria kali ya utotoni, uzazi uliochelewa, jeraha la kichwa, viluwiluwi vya tegu wa nguruwe vilivyofika ubongoni, urithi. Lakini vyanzo hivyo peke yake havikutosha kueleza kilichoonekana Ituri. Watafiti waliokwenda kwenye ukanda wa afya wa Logo wilayani Mahagi, na kwenye vijiji vya upande wa Rethy wilayani Djugu, walikuta kifafa kimezidi mno kile cha kawaida, na kimezidi zaidi katika vijiji vilivyo karibu na mito ya maji ya kasi. Kwenye maji ya namna hiyo ndiko anakozaliana usubi, yule inzi mdogo mweusi anayeuma mchana na kuacha mwilini mbegu za mnyoo uletao upofu wa mtoni. Waliougua walikuwa hasa watoto na vijana waliozaliwa wazima na kukua vizuri, kisha wakaanza kuanguka kabla ya kufikisha miaka 18. Na dawa ya ivermectin, ambayo kampuni ya Merck inaitoa bure dhidi ya mnyoo huyo tangu mwaka 1987, ilikuwa haijagawiwa Logo.

Ituri haiko peke yake. Mahenge, kusini mwa Tanzania, Louise Jilek-Aall, daktari kutoka Norway, alianza kutibu wagonjwa wengi wa kifafa mwishoni mwa miaka ya 1950, wakiwamo watoto waliotikisa kichwa kama wanaosinzia; na huko nako usubi umejaa. Kaskazini mwa Uganda, katika Kitgum na Pader, ugonjwa wa kutikisa kichwa uliwaangamiza watoto. Baada ya mwaka 2012, ivermectin ilipogawiwa mara mbili kwa mwaka na dawa ya kuua viluwiluwi ikamwagwa mitoni, wagonjwa wapya walipungua hadi karibu kutoonekana tena. Ushahidi wenye uzito kuliko wote, kwa maoni yangu, umetoka Kamerun. Katika bonde la mto Mbam, watoto walipimwa ngozi mwaka 1991 na 1992 ili kuhesabu vijiminyoo. Mwaka 2017 watafiti wakarudi kuwafuatilia. Waliokuwa na vijiminyoo vingi zaidi utotoni ndio waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuwa wamepata kifafa baadaye. Mnyoo alitangulia, ugonjwa ukafuata, na kadiri mnyoo alivyozidi ndivyo hatari ilivyozidi. Namna hasa mnyoo anavyoudhuru ubongo bado wataalamu wanaijadili. Baadhi wanashuku kwamba kinga ya mwili, inapompiga mnyoo, hujikuta ikipiga na seli za neva zinazofanana naye. Lakini mjadala huo ni juu ya njia, na mto umeshajulikana.

Kinachofuata ni hoja ya akili ya kawaida. Pepo hachagui mto. Wivu wa jirani hauzidi pale maji yanapopita kwenye mawe na kupungua pale yanapotuama. Ukoo unaoishi juu ya kilima hauvunji miko michache kuliko ukoo wa bondeni. Kama kifafa kingekuwa kazi ya roho mbaya, tungetarajia kifuate uovu wa watu, au imani yao haba, au chuki zao. Nacho kinamfuata inzi. Mtu anaweza kusema kwamba pepo humtumia inzi kama chombo. Anaweza, lakini aone gharama ya jibu hilo. Pepo anayetii kasi ya maji, anayezuiwa na vidonge vya mwaka, anayekoma dawa inapomwagwa mtoni, hana tena tofauti yoyote na ugonjwa, na kumtaja hakuongezi ujuzi. Kunaongeza jambo moja tu: mshtakiwa. Na Ituri inajua mashtaka ya namna hiyo huishia wapi. Katikati ya mwaka 2001, wilayani Aru, mamia ya watu waliuawa kwa tuhuma za uchawi. Tuhuma hizo hazianguki popote tu. Humwangukia bibi kizee anayeishi peke yake, mjane, mke wa pili, mtoto wa kambo. Kwa hiyo anayehubiri chanzo cha kiroho cha kifafa asidhani anatoa maoni yasiyo na mzigo. Anapowaambia watu kuna mkono nyuma ya ugonjwa, amewatuma wautafute mkono huo.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwenye Maandiko. Injili ya Marko, sura ya 9, inasimulia baba aliyemleta mwanawe anayeangushwa motoni na majini, na Yesu akamkemea pepo, mtoto akapona. Je, tumfanye Yesu kuwa hakujua? Sidhani tunalazimika. Mathayo, anayesimulia kisa hichohicho katika sura ya 17, katika sura ya 4 anawaorodhesha walioponywa na kuwataja wenye pepo na wenye kifafa kila kundi kwa jina lake. Hivyo mwandishi yuleyule hakuona kila kifafa kuwa pepo. Msomaji anayeshika maneno jinsi yalivyo anabaki na kijana mmoja ambaye kisa chake kilikuwa na pepo. Hana ruhusa ya kuwaongezea watoto wote wa Mahagi. Na katika Yohana 9, wanafunzi walipouliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu akazaliwa kipofu, yeye au wazazi wake, Yesu alilikataa swali lenyewe. Kwa Waislamu mfano uko wazi zaidi. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Ibn Abbas habari za mwanamke mweusi aliyemwendea Mtume akilalamika kwamba huanguka na mwili wake hufunuka. Alipewa hiari: asubiri aingie Peponi, au aombewe apone. Akachagua kusubiri, akaomba jambo moja tu, asifunuke anapoanguka. Hakuna aliyemtafuta mrogi. Ibn Sina, katika kitabu chake cha tiba, alikiweka kifafa miongoni mwa magonjwa ya ubongo, na matabibu wa Kigiriki wa shule ya Hippocrates walikuwa wamesema karibu miaka 400 kabla ya Kristo kwamba ugonjwa huu si mtakatifu kuliko magonjwa mengine. Fikra hii ina nasaba ndefu ndani ya dini na nje yake. Haikuja juzi na ndege za wazungu.

Ombi la mwanamke yule linastahili kusimamiwa kidogo, kwa sababu linaonyesha mahali ambapo mgonjwa huumizwa kuliko anavyoumizwa na umeme wa ubongo. Mtu akianguka njiani, wengi wetu hurudi nyuma. Inaaminiwa kwamba mate yake yanaambukiza, kwamba kinachomtoka kitatafuta mwenyeji mwingine. Kwa hiyo kitenge kilichopanda juu kinaachwa kilivyo, kichwa kinaendelea kugonga changarawe, na kama ameangukia mafiga ya jikoni, kuna wanaosita kumvuta. Makovu ya moto kwenye mikono na nyuso za wagonjwa ni ushahidi wa kusita huko. Kifafa hakiambukizwi kwa mate. Kinachotakiwa ni kumlaza ubavu, kumwekea kitu laini chini ya kichwa, kumfunika, kutomtia chochote kinywani na kuhesabu dakika. Hayo yote yanaweza kufanywa na mtu asiyejua kusoma, mradi awe ameondolewa hofu moja, na hofu hiyo ni ya kidini.

Watanijibu: lakini tumeona kwa macho yetu, mchungaji aliweka mkono, mtoto akatulia. Naamini wameona. Lakini mshtuko wa kifafa, mara nyingi, hukoma wenyewe baada ya dakika moja hadi tatu, kwa sababu seli huchoka na mifumo ya kutuliza hurudi kazini. Anayeanza kuomba mtoto akiwa anatikisika atapata jibu karibu kila mara, na angelipata vilevile angekuwa anahesabu punje za maharage. Ukizidi dakika tano ni hatari ya kufa, na hapo mbio ziwe za hospitali. Kipimo cha haki ni kuhesabu ameanguka mara ngapi kwa mwaka mzima. Kwa kipimo hicho, Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hadi asilimia 70 ya wagonjwa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo, kwa dawa ambazo bei yake ni ndogo. Ivermectin haimponyi aliyekwisha ugua; inazuia wengine wasiugue. Kidonge cha kila jioni ndicho kinachomshikilia mgonjwa, na kinamshikilia kwa siku alizokimeza tu. Simkatazi mama kuomba. Aombe, na sala yake iambatane na kidonge. Ninachokipinga ni agizo la kuacha dawa ili kuthibitisha imani. Anayeacha fenobabitali ghafla anaweza kushikwa na mishtuko mfululizo isiyokoma, na akifa watasema imani yake ilikuwa haba. Fundisho ambalo haliwezi kukosea kamwe, kwa kuwa kila kifo kinahesabiwa kosa la marehemu, limejitoa lenyewe kwenye meza ya ukweli.

Sasa pingamizi la upande wa pili, ambalo kijana wa chuo kikuu pale Bunia atalitoa haraka. Kama umemwondoa pepo kwa sababu ubongo unatosha, mbona usiiondoe na roho? Wako waliojaribu kuiokoa roho kwa kuitafutia kona isiyofikiwa na kisu. Wilder Penfield, mpasuaji wa ubongo wa Montreal, aliwagusa wagonjwa waliokuwa macho kwa waya wenye umeme mdogo. Mkono uliinuka, na mgonjwa akamwambia kwamba hakuuinua yeye, daktari ndiye aliyeuinua. Penfield hakupata mahali ambapo waya ungemfanya mtu aamue, na katika kitabu chake cha mwaka 1975 akahitimisha kwamba nia haimo kwenye ubongo peke yake. Hoja ilipendeza, lakini mwaka 2009 watafiti wa Ufaransa waliripoti kwamba umeme katika sehemu nyingine ya ubongo, upande wa juu nyuma, uliwafanya wagonjwa wahisi hamu ya kusogeza mkono, na ukiongezwa, waamini wamekwisha usogeza. Kona ikafikiwa. Funzo langu ni kwamba roho isiwekwe kwenye mapengo ya ujuzi, kwa maana mapengo huzibwa, na mwamini aliyejenga hapo atahama kila mwaka.

Lakini kijana naye asikimbilie ushindi. Nikizidisha saba kwa nane nikapata hamsini na sita, mtaalamu wa neva anaweza siku moja kueleza kila seli iliyofyatuka. Hata hivyo hataweza, kwa kuzitazama seli tu, kusema kama jibu ni sahihi. Anayekosea na kupata hamsini na nne ana seli zinazofyatuka kwa sheria zilezile za sodiamu na potasiamu. Usahihi ni jambo la hesabu. Vivyo hivyo, anayetangaza kwamba mawazo yote ni umeme tu anatutaka tulikubali tangazo lake kwa kuwa ni kweli, wala si kwa kuwa kichwa chake kimefyatua umeme. Ubongo ni sharti la kila tunachofanya, na bado maswali ya kweli na uongo, haki na dhuluma, thamani na utupu, hayajibiwi kwa kupima chaji. Hapo ndipo lugha ya roho ina kazi yake, nayo haishindani na daktari.

Ituri ina sababu ya pekee ya kuuliza swali la mwisho: kama kila tendo linapita kwenye neva, muuaji naye si atasema ni ubongo wangu? Hukumu ya kwanza kabisa ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, Machi 2012, ilihusu vita vya Ituri hii: Thomas Lubanga, kiongozi wa wanamgambo, alitiwa hatiani kwa kuandikisha na kutumia watoto wa chini ya miaka 15 vitani. Miaka michache baadaye mahakama hiyohiyo ilimsikiliza Dominic Ongwen, kamanda wa kundi la waasi la LRA la Uganda, ambaye mwenyewe alitekwa akiwa mtoto wa miaka 9 hivi. Mawakili wake walidai ugonjwa wa akili. Mkataba wa Roma, kifungu cha 31, unamwachilia yule ambaye maradhi yameharibu uwezo wake wa kujua uovu wa tendo au kujizuia. Majaji walipima ushahidi, wakakuta alipanga, aliamuru na kubadili mipango. Mwezi Februari 2021 wakamtia hatiani, na katika kifungo cha miaka 25 wakazingatia utoto alioibiwa. Fikihi ya Kiislamu ina kanuni ya karibu na hiyo: kalamu imeinuliwa kwa aliyelala hadi aamke, kwa mtoto hadi abaleghe, na kwa mwenye wazimu hadi apate akili. Aliyeanguka kifafa akampiga teke mpita njia hakutenda. Aliyenoa panga jioni kwa ajili ya alfajiri ametenda. Wote wawili walitumia neva. Kuujua ubongo hakufuti mpaka huo, kunatusaidia kuuchora kwa haki zaidi.

Basi roho inabaki na nini? Kwa dakika mbili za mshtuko, mgonjwa hana wazo, hana nia, hana kumbukumbu, hana hata sala. Kama utu wa mtu ungekuwa ni kazi za ubongo wake, tungesema amekoma kuwa mtu na kuanza tena. Hakuna mama anayesema hivyo. Anamwita mwanawe kwa jina lilelile, akiwa chini kama alivyokuwa amesimama. Hadithi ya uumbaji inasema mavumbi na pumzi vilifanya kiumbe kimoja hai, na Wakristo wanakiri ufufuo wa mwili. Hakuna hapo roho safi iliyofungiwa kwenye gunia la nyama, inayoweza kupokonywa chumba na mpangaji mwingine. Roho, kwa maana hii, ni mtu mzima mbele ya Mungu na mbele ya wenzake, mwenye thamani ambayo hakuipata kwa kufikiri vizuri na haipotezi kwa kuanguka. Makanisa yaliyoanzisha hospitali za Nyankunde na Rethy yalikwisha kukiri hayo kwa matofali, na yasiyabomoe kwa mahubiri. Siku ya kugawa ivermectin itangazwe mimbarini na msikitini. Mtoto wa kifafa asifukuzwe shule wala kunyimwa meza ya Bwana. Na mafundisho yote juu ya roho, ya mchungaji, ya shehe na ya mwalimu wa sayansi, yapimwe kwa jambo moja ambalo kila mtaa wa Bunia unaweza kuliona: mtu akianguka, yanawasogeza watu karibu naye au yanawakimbiza?